Mkaguzi wa usafi akiingia home: aangalie nini, na sisi wakaaji tudai nini

Wenzangu mliomaliza, na ninyi mnaosoma bado,

Mwishoni mwa mwaka 2025 kulipita habari moja ambayo haikukaa sana mu simu zetu. UNICEF ilitangaza kwamba katika kituo kimoja cha yatima mjini Kinshasa, watoto 16 kati ya 62 waliokuwa wakiishi humo walikufa kwa kolera ndani ya siku chache. Hesabu mwenyewe: karibu mtoto mmoja kwa kila wanne. Haikuwa kambi ya wakimbizi, wala kijiji kisichofikiwa na barabara. Ilikuwa nyumba, ndani ya mji mkuu wa nchi.

Mwaka huo kolera iliua zaidi ya watu 1,800 katika nchi yetu, na UNICEF yenyewe iliita mlipuko huo mbaya kuliko yote ya miaka 25. Kwa hiyo mtu anaweza kusema: kolera ilikuwa kila mahali, ile nyumba ilipata bahati mbaya tu. Mimi hilo neno bahati silikubali. Kolera haipiti mu hewa. Inapita mu maji, mu chakula na mu mikono, na hizo njia tatu zinaonekana kwa macho mbele mtu wa kwanza hajaanza kuhara. Kuna watu ambao kazi yao ni kwenda kuziangalia. Njo kazi hiyo ninataka tuiongelee: ukaguzi wa afya na usafi katika nyumba wanamoishi watu wengi, unafanywa namna gani, unapotea wapi, na sisi tunaolala ndani tunaweza kudai nini.

Nyumba ya watu wengi ni home ya wanafunzi, ni interna ya shule ya sekondari, ni kituo cha yatima, ni nyumba ya wazee. Watu wasio wa jamaa moja wanakunywa kwa tangi moja, wanakula kwa sufuria moja, wanaenda kwa shimo moja. Nyumbani kwa mama, mkono mchafu wa mpishi unafikia watu sita au saba. Mu home ya watu 80, mkono uleule unafikia watu 80 saa sita ya mchana, na jioni bado hakuna hata mmoja anayejua kwamba ameshikwa.

Na kama unajiuliza mtu wa agronomia anatafuta nini mu mambo ya waganga: sisi tulifundishwa kuuliza maji yanatoka wapi na yanaishia wapi, na mavuno yanakaa namna gani mu stoo. Sehemu kubwa ya ukaguzi wa home ni maswali hayohayo.

KILA MTU ANA KIPANDE

Karatasi si kitu tunachokosa. Katiba, kipengele cha 47, inatoa haki ya afya. Cha 48 kinatoa haki ya makao yanayofaa na maji ya kunywa. Kuna sheria nambari 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 inayopanga afya ya umma, na kuna sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto.

Shida inaanza tukishuka chini. Nchi imegawanywa mu zoni za afya zaidi ya 500. Kila zoni ina daktari mkuu wake, na chini yake kuna vituo vya afya, kila kimoja na muuguzi mkuu tunayemuita IT. Ofisi ya zoni njo inapashwa kufuata mambo ya maji na usafi. Lakini kituo cha yatima kinahesabiwa kwa Mambo ya Jamii. Interna iko kwa wizara ya shule. Home ya chuo iko kwa elimu ya juu. Na ile home ya mtu binafsi, tunayolipa kwa dola kila mwezi, mara nyingi haina wizara yoyote inayosema ni yake. Iko na mwenye parseli, na komini inayomtoza kodi. Kila mmoja ana kipande, na mtu wa zoni ambaye angeweza kuona nyumba nzima mara nyingi hana hata mafuta ya pikipiki.

Katika nafasi hiyo iliyobaki wazi ikaingia desturi ambayo sote tunaijua. Watu wawili wanafika na kitabu cha risiti. Wanaenda moja kwa moja kwenye choo, wanatikisa kichwa, wanaandika kosa la uchafu, wanaongea na mkubwa wa nyumba pembeni, wanaenda. Choo kinabaki vilevile. Sisemi wote wako vile. Nimekutana na wengine wanaotembea kwa miguu kartie kwa kartie na kipimo cha maji mfukoni, na mshahara wao sote tunajua ukoje. Lakini ukimfanya mkaguzi aishi kwa faini, umemfanya ahitaji kosa liendelee. Choo kikitengenezwa leo, mwezi ujao hakuna risiti. Ukaguzi wa kweli unajulikana kwa kitu kimoja: mkaguzi anarudi mara ya pili kuona kama lile aliloandika limefanywa.

Nilikaa miaka mitatu mu home moja ya Bukavu. Siku moja mbele ya ukaguzi mkubwa wa home alikuwa ameshajua. Akaleta chokaa, sabuni, na ndoo yenye robine ikawekwa kwenye geti, kama zile za wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, ambazo zilikuwa kila mlango na sasa zimekuwa ndoo za kufulia nguo. Vyoo, ukihesabu milango, vilikuwa 8. Vinne vilikuwa vimejaa tangu mwanzo wa mwaka. Wakavifunga kwa kufuli na kupaka milango yake chokaa. Mkaguzi akahesabu milango, akaandika 8. Tulikuwa wanafunzi 110. Kwa vyoo 8, ni watu karibu 14 kwa choo. Kwa vyoo 4, ni zaidi ya 27. Kitabu cha Sphere, ambacho mashirika ya misaada wanafuata katika kambi za wakimbizi, kinaweka watu 20 kwa choo kimoja. Yaani kwa karatasi tulikuwa vizuri kuliko kambi, na kwa kweli tulikuwa vibaya kuliko kambi. Tofauti yote ilikuwa kufuli nne.

Hakuna aliyetuuliza kitu. Mkaguzi alipita katikati yetu, tumesimama na madaftari mkononi. Kama angemuuliza mmoja tu, "Dada, asubuhi unaingiaka mlango gani?", angepata ukweli wote kwa sekunde kumi. Ndiyo maana mimi naona mambo mawili ya kuanza nayo ni haya: siku isitangazwe, na mkaguzi azungumze na wakaaji mkubwa wa nyumba akiwa mbali. Kwa watoto yatima ni lazima zaidi, juu mtoto hawezi kusema vibaya mbele ya mtu anayemlisha.

MAJI, SHIMO, NA MVUA

Kwenye fomu utakuta swali: "Maji yapo?" Jibu: ndiyo. Swali kama hilo halisaidii, maji yapo hata mu ziwa. Maswali mazuri ni mawili: ni kiasi gani kwa kila mtu, na yana klori kiasi gani yakifika mu kikombe.

Kiasi ni hesabu ya shule ya msingi. Sphere inasema angalau litre 15 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na kuoga pamoja. Kwa watu 110 ni litre 1,650, yaani bidoni 83 za litre 20. Sasa mkaguzi aulize muuza maji, si mkubwa wa home: "Unaletaka bidoni ngapi hapa kwa siku?" Akisema 30, ni litre 600, litre tano na nusu kwa mtu. Ukitoa ya kunywa na ya jikoni, ya kunawa mikono baada ya choo inabaki wapi? Hapo hakuna haja ya kutuhubiri juu ya kunawa mikono. Mtu hawezi kunawa na maji yasiyokuwepo.

Klori nayo. Wale wa Goma mnamjua mtu anayesimama kando ya Ziwa Kivu na seringi, anatia dawa mu kila bidoni mbele pikipiki haijaondoka. Kazi yake ni nzuri, lakini ina kitu ambacho watu wengi hawaambiwi. Klori ikiingia mu maji inagawanyika mara mbili, sehemu moja yenye nguvu ya kuua vijidudu na nyingine dhaifu. Kwenye pH ya 7.5 hivi ni nusu kwa nusu. Kwenye pH ya 9, ile yenye nguvu inabaki asilimia chache tu. Na maji ya juu ya Ziwa Kivu yako karibu na pH 9. Kipimo tunachosomaka kwenye mabango, yaani miligramu 0.5 ya klori kwa litre baada ya dakika 30, kimewekwa kwa maji yenye pH chini ya 8. Kwa maji ya ziwa, dakika 30 hazitoshi, klori inahitaji muda mrefu zaidi. Home ya Goma inayokunywa mara bidoni inaposhuka kwa pikipiki inakunywa maji yaliyotiwa dawa ambayo haijamaliza kazi yake.

Bukavu shida ni nyingine. Mvua ikinyesha, robine inatoa maji ya rangi ya udongo, na udongo unakula klori. Hayo yanapashwa kwanza kutulia, yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yatiwe dawa. Na pote pawili kuna bidoni yenyewe: ingiza kidole ndani, ukisikia utelezi wa kijani, ujue klori itaishia kupigana na huo utelezi. Mchanga, maji kidogo na sabuni, unatikisa kwa nguvu, unasuuza. Kipimo cha klori kinafanyika kwa kidonge kidogo kinachogeuza maji kuwa ya waridi. Kinachukua dakika chache. Mkaguzi apime mu kikombe cha mwanafunzi, si kwenye robine. Njiani kati ya robine na kikombe kuna bidoni, kuna tangi lisilo na kifuniko, kuna kopo linaloingizwa na mikono 110.

Shimo la choo ndilo ninalolipenda zaidi, samahanini, ni mambo ya fani. Kanuni inasema shimo liwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, na chini yake kubaki mita 1.5 ya udongo mkavu mbele ya kufikia maji ya ardhini. Hiyo kanuni inategemea udongo ufanye kazi ya kuchuja. Lakini Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ililipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, na sehemu kubwa ya mji iko juu ya mawe ya namna hiyo, mapya na ya zamani. Kuchimba ni kazi ya nyundo, kwa hiyo mashimo yanakuwa mafupi, na mwamba una nyufa. Udongo unachuja, ufa hauchuji. Mita 30 za nyufa si mita 30 za udongo.

Bukavu iko kwa milima, nyumba juu ya nyumba. Hapo mkaguzi anayeangalia choo cha home peke yake ameona nusu. Apande juu, aangalie shimo la jirani wa juu linatiririka wapi. Home inaweza kuwa safi kabisa na kunywa kutoka chemchemi iliyo chini ya mashimo kumi ya watu wengine.

Halafu msimu. Kwetu kiangazi ni Juni hadi Agosti, mvua ni Septemba hadi Mei. Ukaguzi wa Julai ni kama kupima paa siku ya jua. Udongo wetu mwekundu wa mfinyanzi ukishiba maji haunywi tena haraka. Shimo lililoonekana na nafasi mwezi wa saba linapanda mwezi wa kumi na moja na kumwagika uani. Kama zoni ina nguvu ya kufika mara moja tu kwa mwaka, ifike Novemba au Aprili, siku ya pili baada ya mvua kubwa.

Kitu kimoja pembeni, juu nimekiona mara nyingi: nyuma ya home kuna kibustani cha lengalenga kinachonyweshwa na mfereji wa bafu, au kinachowekewa yale yaliyotolewa mu shimo. Lengalenga inakuwa nzuri sana, ni kweli. Lakini mayai ya minyoo aina ya askari yanaweza kukaa hai mu udongo kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Bustani ni sehemu ya ukaguzi.

STOO

Hapa wakaguzi wanapitaka haraka. Wanafungua mlango, wanaona magunia, wanafunga. Mkaguzi angekaa dakika ishirini.

Mahindi yakiwekwa na unyevu zaidi ya asilimia 13.5 yanaota ukungu, na aina moja ya ukungu huo inatoa sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hiyo haifi kwa moto. Utapika bugali saa nzima, itakuwepo. Kwa kiasi kikubwa inaua ini kwa siku chache: Kenya mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 walikufa kwa mahindi waliyoyaweka wenyewe nyumbani yakiwa hayajakauka. Kwa kiasi kidogo cha kila siku inaleta saratani ya ini, na inahusishwa na watoto kudumaa. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo imeingia mwaka 2022, inakubali mikrogramu 10 kwa kilo, si zaidi.

Sasa jiulize nani ananunuaka unga wa bei ya chini kabisa sokoni, ule wa nafaka zilizovunjika, zenye madoa ya kijani. Ni nyumba yenye vinywa vingi na pesa kidogo. Kituo cha yatima kiko wa kwanza. Sina neno baya kwa mama anayelisha watoto 60 kwa pesa ya watoto 20; lakini mkaguzi asipofungua gunia, mtoto anakula sumu kila siku na hakuna atakayeiona mpaka ini liishe.

Vipimo vya maabara ni ghali, lakini kipimo cha unyevu cha mkulima ni bure. Chukua chupa ya kioo kavu, tia chumvi kavu kijiko kimoja na punje za mahindi mpaka robo, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, hayapashwi kukaa mu gunia hata kidogo. Kisha uangalie magunia yamelala chini kwa sima au juu ya mbao, yamegusa ukuta au kuna nafasi ya mtu kupita. Gunia linalogusa ukuta wa nyumba ya Bukavu mwezi wa nne linakunywa maji ya ukuta. Na njia ya panya utaiona hapohapo.

Muhogo nao uulizwe umelowanishwa siku ngapi. Muhogo mchungu uliotolewa haraka mu maji unabaki na sianidi, na kule Kahemba, mkoa wa Kwango, watu wanaujua ugonjwa wa konzo unaolemaza miguu, zaidi ya wanawake na watoto. Siku tatu mu maji, si usiku mmoja.

Kuhusu sufuria nitasema kidogo. Makala ni ghali, kwa hiyo home nyingi zinapika mara moja kwa chakula cha mara mbili. Maharagi au mchele wa jioni unakaa mu sufuria mpaka kesho saa sita. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni masaa mawili tu kwa joto la chumba, au kibaki moto juu ya digrii 60. Mchele hasa una kijidudu ambacho sumu yake haiondoki ukiupasha tena. Kwa hiyo mkaguzi asiulize "jikoni ni safi?", aulize "hiki kimepikwa saa ngapi?"

GETI LIKIFUNGWA

Chumba cha mita 3 kwa 4 ni mita 12 za mraba. Mukilala sita, ni mita 2 kwa mtu. Sphere, kwa kambi tena, inasema mita 3.5. Lete mita yako, pima chako. Kulala wawili kitanda kimoja tumekuzoea, tunakuita kusaidiana, na ni kweli ni kusaidiana. Lakini tawi jipya la mpox lililoanza kuonekana Kamituga, kwetu Kivu ya Kusini, na kufanya dunia itangaze hali ya hatari tarehe 14 Agosti 2024, linapita kwa ngozi kugusana na kwa mashuka. Na usiku wa baridi usiingize mbabula yenye makala mu chumba kilichofungwa. Gesi yake haina harufu.

Mu home za wasichana, mkaguzi mara nyingi ni mwanaume na anaona haya kuuliza, basi hakuna anayeuliza: mlango wa choo unafungika kwa ndani? Kuna maji ndani, au dada lazima atoke na ndoo mbele ya watu? Kuna pipa lenye kifuniko la kutupa vitambaa? Ikiwa pipa hakuna, vitambaa vinaenda mu shimo na shimo linaziba mbele ya wakati, halafu wasichana wanaambiwa ni wachafu.

Lakini swali ambalo mimi ningeliweka la kwanza kwenye fomu yoyote ni hili: usiku, ufunguo wa geti uko kwa nani? Home nyingi zinafunga saa tatu, na ninaelewa sababu, usalama wetu tunaujua. Kolera inaweza kuua mtu mzima mzima ndani ya masaa machache asipopata maji na chumvi. Dada akianza kuhara saa tano ya usiku, na mlinzi amelala, na mkubwa wa home anakaa kartie nyingine na simu imezimwa, asubuhi mutamkuta amekauka. Mkaguzi aombe, palepale mchana, geti lifunguliwe na mtu mwingine asiye mlinzi, ahesabu dakika. Aombe kuonyeshwa pakiti za SRO. Zikikosekana, wakaaji wajue kwa kichwa: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Unakunywesha kidogo kidogo huku mnatafuta njia ya kituo, hamngojei.

KAYE YA WAGONJWA, NA BARUA

Mkaguzi akifika mara moja kwa mwaka, siku 364 zimebaki, na hizo ni zetu. Kuna chombo kimoja ambacho kamati yoyote ya home inaweza kuanza leo: kaye. Kila mtu anayehara au kutapika, mnaandika tarehe, chumba, na alikunywa maji gani. Jina si lazima. Baada ya mwezi mtaona kitu ambacho chokaa haiwezi kuficha. Kama waliougua wote wako upande unaochota kwenye tangi la nyuma, mmepata tangi. Kama wote waligonjwa Jumanne baada ya maharagi ya Jumatatu, mmepata sufuria.

Salongo ya Jumamosi ni nzuri, tufagie. Ila ufagio unaenda pale panapoonekana.

Na ukaguzi ukipita, kamati iombe mambo matatu kwa mkaguzi, kwa heshima: nakala ya raporo ibandikwe mahali wakaaji wanaisoma, kila kosa liwe na tarehe ya kutengenezwa, na aseme siku gani atarudi. Mkubwa wa home asiye na cha kuficha hatakataa, nakala hiyo inamlinda hata yeye na wale wa risiti, maana atawaonyesha kwamba zoni imeshapita.

Asiporudi, andikeni kwa IT wa eneo lenu, nakala kwa daktari mkuu wa zoni, na kwa kituo cha watoto nakala pia kwa Mambo ya Jamii. Isainiwe na kamati nzima, si na mtu mmoja, juu mtu mmoja anaweza kutolewa chumba kesho yake na mnajua ni vigumu kupata kingine katikati ya mwaka. Msiandike "home yetu ni chafu sana, tunateseka". Barua za namna hiyo IT anazo nyingi. Kolera iko kati ya magonjwa ambayo kila kituo cha afya kinatolea hesabu kila wiki, kwa hiyo mtu huyu anaishi na namba, mpeni namba. Kwa mfano hivi:

"Kuanzia tarehe 3 hadi 16 ya mwezi huu, watu 9 kati ya 110 wanaoishi hapa wamehara, 7 kati yao wanachota kwenye tangi la nyuma. Vyoo 4 kati ya 8 vimefungwa. Bidoni zinazoingia ni 30 kwa siku. Klori haijapimwa tangu tuingie. Geti linafungwa saa tatu ya usiku na ufunguo uko kwa mtu asiyelala hapa. Tunaomba mfike kupima maji, na mtujulishe siku ya kurudi."